Kitanda namba tano: makosa tunayoyafanya tukiona mvi kabla ya mgonjwa

Sikiliza zamu zinavyokabidhiana. Mgonjwa wa miaka 35 husomwa hivi: "Kitanda namba nne, nimonia, siku ya pili ya antibiotiki, oksijeni 94, anapumua 22 kwa dakika." Anayefuata ana miaka 82: "Kitanda namba tano, bibi, ametulia, hana tatizo." Wote wawili wana nimonia. Wa kwanza ameelezwa kwa tarakimu, wa pili kwa tabia. Hakuna aliyemtukana bibi wala kumnyima dawa, na zamu inayoingia haitashtuka. Lakini saa nane usiku hali yake ikigeuka, hakuna namba ya kulinganisha nayo. Mahali pa vipimo paliandikwa "ametulia".

Ndivyo ubaguzi wa umri unavyokuwa kwenye uuguzi. Mtu anayeutafuta katika matusi hatauona. Mara nyingi huja umevaa huruma, au uchovu wa zamu ndefu. Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliupa jina mwaka 1969, na zaidi ya miaka 50 baadaye Shirika la Afya Duniani (WHO) katika ripoti yake ya 2021 lilisema kwamba kati ya kila watu wawili duniani, mmoja ana mtazamo wa kibaguzi dhidi ya wazee. Ripoti hiyohiyo ilitaja uchambuzi wa tafiti 149: katika asilimia 85 ya tafiti hizo, umri ndio ulioamua nani apate matibabu fulani na nani asipate. Kwa hiyo hili si la wodi moja wala la nesi mmoja mkali.

Tumfuate bibi wa kitanda namba tano tangu alipofika. Si mtu mmoja. Ni wagonjwa wengi tuliowalaza kwenye kitanda kimoja ili hadithi yao ieleweke, na makosa yatakayotajwa ni yale yanayofanywa na sisi wa kada hii, tena wenye nia njema.

Anafika akiwa na mwanawe, kwenye kiti cha magurudumu. Muuguzi wa mapokezi anamtazama mwanawe na kuuliza, "Mama anaumwa nini?" Mama yupo palepale, macho yamefumbuka. Kosa la kwanza limeshafanyika ndani ya sekunde tano, na litazaa mengine, kwa kuwa kuanzia hapo kila mtu atakayekuja atazungumza na mwanawe.

Njia sahihi haihitaji kifaa. Vuta kiti, kaa macho yako yalingane na yake, umbali wa mita moja hivi, mwanga ukiangukia uso wako na si mgongo wako ili aone midomo inavyokwenda. Zima redio. Kisha:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Ungependa nikuite nani?"

"Mwalimu. Wote huniita Mwalimu."

Basi aitwe Mwalimu, na liandikwe juu ya faili hivyo. Asipojibu upesi, subiri sekunde kumi kabla ya kurudia; wengi tunarudia baada ya sekunde mbili na kumkatisha alipokuwa karibu kujibu, halafu tunaandika "hajibu maswali". Na usipige kelele. Masikio ya uzeeni hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu, na mtu akipaza sauti huifanya iwe nyembamba zaidi. Shusha sauti iwe nzito, tenganisha maneno. Bado hasikii? Tazama ndani ya sikio kama kuna nta, na kama ana kifaa cha kusikia, kagua betri. Kuna watu wameandikiwa kwamba akili imepungua, kumbe sikio limeziba.

Akishajibu mwenyewe, ndipo ugeuke kwa mwanawe. Yeye atasema lile tunalolisikia kila siku: "Amechoka tu. Siku hizi hali chakula, analala mchana kutwa. Ni uzee." Hapo ndipo faili hufungwa kabla ya kufunguliwa. Muuguzi anaandika "udhaifu wa mwili" na mgonjwa anakwenda mwisho wa foleni.

Swali la kuuliza hapo ni hili: wiki mbili zilizopita alikuwaje? Wala usikubali jibu la "alikuwa mzima tu". Dadisi. Alikuwa anakwenda chooni peke yake? Anavaa mwenyewe? Anahesabu chenji bila kusaidiwa? Anawataja wajukuu kwa majina? Ni siku gani ilionekana tofauti ya kwanza? Mwanawe anafikiri kidogo, kisha anasema kwamba Ijumaa Mwalimu alitembea mwenyewe hadi nje, na Jumapili hakuweza kuinuka kitandani. Uzee hauingii kati ya Ijumaa na Jumapili. Kilichoingia ni ugonjwa, na sasa ni kazi yetu kuutafuta.

Vipimo navyo vina mitego. Joto la mdomoni ni 37.4, na mtu anaandika "hana homa". Kwa mtu mzima wa kawaida ni sawa, lakini sehemu kubwa ya wazee wenye maambukizi makali hawapandi joto kama vijana. Kwa mzee, joto la mdomoni linalozidi 37.8 hata mara moja tu ni homa, linalozidi 37.2 kila linapopimwa ni homa; na likipanda digrii 1.1 juu ya lile alilozoea, hiyo pia ni homa hata kama namba yenyewe inaonekana ndogo. Kama kawaida yake ni 36.2, basi 37.4 ya leo inasema mengi.

Kipimo kinachosema mapema kuliko vyote ndicho tunachokibuni kwa kukisia: kupumua. Faili nyingi zina 18 au 20 kwa kila mgonjwa, kila saa, kama muhuri. Hesabu dakika nzima, saa mkononi, bila kumwambia unahesabu. Mwalimu anapumua 26. Oksijeni yake ni 90.

Presha 118 kwa 70. Nzuri, sivyo? Muulize mwanawe kadi ya kliniki inasemaje. Inasema kwa miaka mitatu presha yake ilikuwa kati ya 155 na 165. Basi 118 ya leo si nzuri. Imeporomoka, na kwa mtu mwenye maambukizi hiyo ni taa nyekundu. Swali ni lilelile, wiki mbili zilizopita alikuwaje, safari hii likiulizwa kwenye mashine ya presha.

Mengine ya mapokezi kwa ufupi. Mshtuko wa moyo kwa mzee unaweza kuja bila maumivu ya kifua: anahema, anazirai, anachanganyikiwa au anatapika tu, kwa hiyo kipimo cha umeme wa moyo kisisubiri aseme kifua kinauma. Ukitaka kujua kama ana upungufu wa maji, kufinya ngozi ya mkono hakusaidii, maana ngozi ya umri huo hubaki imesimama hata maji yakiwa ya kutosha. Tazama ulimi na ndani ya mashavu, uliza amekojoa mara ngapi tangu asubuhi. Kutosikia kiu si ushahidi wa chochote, kwani hisi ya kiu hufifia. Na uliza kama alianguka au kugonga kichwa katika miezi miwili iliyopita, hata kidogo. Damu inayovuja polepole juu ya ubongo huchukua wiki kadhaa kujionyesha, na mlango wake huwa ni anguko ambalo kila mtu alishalisahau.

Sasa yuko wodini, na hapa tunakutana na kosa lililo gumu kulitambua kuliko yote, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hutupa nafuu. Mwalimu amelala. Hapigi kengele, hadai maji, hasumbui. Tunamwita mgonjwa mzuri. Kumbe ana deliriamu, akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa mwili, tena ile ya aina ya kimya. Anayerusha shuka na kupiga kelele huitiwa daktari usiku uleule. Wa kimya huachwa, na hali yake mara nyingi ni mbaya zaidi.

Upimaji wake ni dakika mbili, kwa kipimo kiitwacho 4AT. Kwanza mwangalie: yuko macho sawasawa, au ana usingizi usio wa kawaida au msukosuko? Asipokuwa sawa, alama 4. Pili muulize umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, na mwaka huu ni upi: kosa moja ni alama 1, mawili au zaidi ni 2. Tatu, ataje miezi kurudi nyuma kuanzia Desemba. Akifikisha miezi 7 bila kukosea ni 0, akishindwa kuifikisha au akikataa ni 1, asipopimika kabisa ni 2. Nne, kama kuna badiliko la ghafla au hali inayopanda na kushuka, alama 4. Jumla ikifika 4, chukulia ni deliriamu na utafute chanzo. Tahadhari moja: aliyezaliwa pasipo mtu kuandika tarehe hawezi kuijua, na kutoijua si ugonjwa. Ndiyo maana sehemu ya nne, inayojibiwa na anayemfahamu mgonjwa, ina uzito.

Tunachokosea ni kuiita demensia, yaani akili kupungua polepole, na kuendelea na shughuli. Demensia hujengeka kwa miezi na miaka. Deliriamu huja kwa saa au siku, na hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Saa tatu asubuhi Mwalimu anamjibu daktari vizuri, saa mbili usiku hajui yuko wapi. Daktari aliyemwona asubuhi anaapa mgonjwa ana akili timamu. Anayejua ukweli ni muuguzi wa usiku, basi aandike saa na maneno, si "amechanganyikiwa". Andika: "Saa 2:40 usiku ameuliza mara tatu gari linaondoka saa ngapi, hakuweza kutaja siku ya leo."

Kisha siku ya pili usiku anaanza kuhangaika. Anavuta mpira wa dripu, anataka kushuka. Zamu ina muuguzi mmoja na wagonjwa 28. Hapa ndipo diazepamu huchomwa, au promethazini, ili alale. Kwa nini ni kosa, tena kosa lenye mkia mrefu? Kwa kijana wa miaka 20 nusu ya diazepamu hutoka mwilini kwa takriban saa 20. Kwa mtu wa miaka 80 hukaribia saa 90. Sindano ya usiku wa Jumatatu bado iko kazini Alhamisi, na kila usiku unaofuata huongezwa nyingine juu yake. Promethazini na dawa za mafua zenye klofeniramini hukausha mdomo, huzuia mkojo na choo, na huzidisha ule mvurugiko tuliotaka kuutuliza. Orodha ya dawa za kuepuka kwa wazee, iliyoanzishwa na daktari Mark Beers mwaka 1991 na kuhuishwa mara kadhaa tangu hapo, ina zote hizo. Kumfunga mikono au kupandisha kingo za kitanda kunaongeza majeraha: anayetaka kwenda chooni atapanda juu ya kingo na kuanguka kutoka mbali zaidi.

Kabla ya sindano, gusa tumbo chini ya kitovu. Kibofu kilichojaa ndicho chanzo cha mahangaiko mengi ya usiku. Uliza choo alipata lini mara ya mwisho. Pima sukari na oksijeni. Tafuta maumivu. Mvalishe miwani yake, mrudishie meno yake ya bandia, acha taa ndogo, shusha kitanda hadi chini kabisa, na kama taratibu zinaruhusu, ndugu anayemfahamu akae naye. Haya yanatuliza wengi. Si wote, na si haki kumwambia muuguzi aliye peke yake kwamba tatizo ni mtazamo wake. Semina kumi za huruma hazileti mtu wa pili wa zamu ya usiku. Ubaguzi mwingine umekaa kwenye ratiba, katika uamuzi wa mtu fulani kwamba wodi ya wazee "haina kazi" na kwamba anayepelekwa huko anapumzishwa au anaadhibiwa.

Dawa zake za nyumbani zinakuja kwenye mfuko. Zimwage mezani zote, pamoja na zile za kununua bila cheti, usisome orodha tu. Hapa kuna mlolongo unaojirudia sana. Mgonjwa alianzishiwa amlodipini kwa ajili ya presha. Miguu ikavimba, kama inavyoweza kutokea kwa dawa hiyo. Mtu mwingine akauona uvimbe, akaongeza furosemaidi, dawa ya kutoa maji kwa mkojo. Furosemaidi ikamkimbiza chooni, usiku hawahi, analoa. Wa tatu akasema ni uzee, akamvalisha nepi. Dawa moja imezaa dawa ya pili na nepi, na hakuna aliyerudi mwanzo kuuliza miguu ilianza kuvimba lini.

Halafu figo. Jibu la maabara linasema kreatinini ya Mwalimu ni 1.0, na pembeni pameandikwa "kawaida". Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli na kusafishwa na figo, na yeye misuli imepungua, kwa hiyo namba inakaa chini hata figo zikichoka. Tumia hesabu ya Cockcroft na Gault, inayokadiria kazi ya figo: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, gawanya kwa 72 mara kreatinini, na kwa mwanamke zidisha kwa 0.85. Ana miaka 82 na kilo 48: 58 mara 48 ni 2784, gawanya kwa 72, mara 0.85, unapata karibu 33. Kijana wa kiume wa miaka 30 na kilo 70 mwenye kreatinini hiyohiyo 1.0 anapata karibu 107. Karatasi ya maabara ni ileile, lakini figo za mmoja zinafanya chini ya theluthi moja ya kazi ya mwenzake. Antibiotiki ya gentamaisini kwa kipimo cha kijana itamuumiza, na kidonge cha kisukari cha glibenklamidi kitashusha sukari yake alfajiri na kumfanya aonekane amechanganyikiwa. Hesabu hii inahitaji uzito, na uzito ndio usiopimwa, kwa kuwa "hawezi kusimama". Mpime na kiti, kisha toa uzito wa kiti.

Lakini ubaguzi si kuzidisha dawa peke yake. Ni kunyima pia. Mzee mwenye moyo unaodunda ovyo na aliye hatarini kupata kiharusi hunyimwa dawa ya kuzuia damu kuganda kwa hoja kwamba ataanguka. Utafiti wa 1999 ulikokotoa kwamba mgonjwa wa namna hiyo angelazimika kuanguka kama mara 295 kwa mwaka ili hatari ya kuvuja damu kichwani ipite faida ya dawa. Na maumivu: utafiti wa mwaka 2000 kwa waliovunjika nyonga ulionyesha wenye demensia kali walipata theluthi moja tu ya mofini waliyopata wenzao wenye akili timamu. Mfupa ni uleule. Tofauti ni kwamba mmoja anaweza kusema.

Asiyeweza kusema hupimwa kwa macho. Kipimo cha PAINAD kina mambo matano, kila moja alama 0 hadi 2: anavyopumua, sauti anazotoa, uso, mwili ulivyokaza, na kama anatulizika akiguswa au akisemeshwa. Pima wakati unamgeuza, si akiwa amelala tuli. Wapo pia wanaoweza kusema ila hawasemi. "Mhudumie kwanza yule kijana, mimi nimeshakula chumvi nyingi," anasema Mwalimu, na sisi tunacheka naye na kupita. Huo nao ni ubaguzi wa umri, ameumeza mwenyewe. Watafiti wakiongozwa na Becca Levy waliandika mwaka 2002 kwamba wenye mtazamo mzuri kuhusu uzee wao waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya wenye mtazamo mbaya. Basi usicheke tu. Rudi na uulize maumivu yako wapi, kuanzia sifuri hadi kumi.

Siku ya tatu nimonia inaanza kupoa, na hatari kubwa sasa ni kitanda chenyewe. "Usisimame, utaanguka," tunamwambia, na tunajisikia tumemjali. Mwaka 2007 watafiti waliwalaza wazee wenye afya njema siku 10 tu. Walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Hao hawakuwa na homa ya mapafu. Daktari Marjory Warren alishaliona hili London mwaka 1935, alipokabidhiwa mamia ya wazee waliokuwa wamelazwa bila matumaini. Alimchunguza kila mmoja upya, akawaamsha, akawafanyisha mazoezi, na wengi wakaondoka.

Utaratibu unaofaa ni mwepesi kuueleza. Mlo wote aule akiwa amekaa kwenye kiti. Atembee mara tatu kwa siku, hata kama ni hatua tano hadi dirishani. Kabla ya kumsimamisha mara ya kwanza, mpime presha akiwa amelala dakika tano, kisha baada ya kusimama dakika moja na dakika tatu. Presha ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, mkalishe, na umwambie daktari aangalie dawa. Viatu viwe vyenye soli, si kandambili.

Nepi isivalishwe bila swali. Mpeleke chooni kila baada ya saa mbili mchana, uone kama bado analoa. Wengi hawaloi. Mpira wa mkojo ni mbaya zaidi: kila siku unapokaa ndani, hatari ya bakteria kuingia kwenye mkojo huongezeka kwa asilimia 3 hadi 7. Andika kwenye faili tarehe ulipowekwa na sababu, na kila asubuhi uliza kama sababu bado ipo. Bakteria wakionekana kwenye mkojo wa mzee asiye na dalili za mkojo, si ugonjwa wa kutibiwa. Kijiti cha mkojo kubadilika rangi kisiwe jibu la kila mzee aliyechanganyikiwa, maana nimonia itaachwa ikiendelea.

Ngozi: visigino na juu ya makalio, kila zamu. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Weka kiganja uone kama kuna joto, ugumu au ulaini usiolingana na pembeni, na uliza kama panauma. Mgeuze kila saa mbili, na visigino vining'inie hewani, mto ukiwa chini ya mashavu ya miguu.

Na lugha. "Tumekunywa dawa yetu? Haya, fungua mdomo, ham! Msichana mzuri!" Hayo anaambiwa mtu aliyefundisha hesabu miaka 30. Anafunga mdomo, anasukuma kijiko, na kwenye faili anaandikwa "mkaidi". Utafiti kwa wenye demensia umeonyesha kwamba wakisemeshwa kitoto hukataa huduma zaidi kuliko wakisemeshwa kama watu wazima. Kabla ya kuandika "mkaidi", jisikilize ulisema nini sekunde kumi zilizotangulia.

Siku ya nne oksijeni inayumba, na uamuzi unafanyika koridoni: daktari, mwanawe, na maneno "kwa umri wake...". Sentensi hiyo haipaswi kumalizika bila kuulizwa: umri, au udhaifu? Hivyo ni vitu viwili. Kipimo cha udhaifu alichokibuni Kenneth Rockwood na wenzake Kanada, kilichochapishwa 2005, kina ngazi. Kinachotumika sasa kinaanzia 1 kwa aliye imara kabisa hadi 9 kwa anayekaribia mwisho wa maisha. Na hakipimi alivyo leo akiwa hoi kitandani, bali alivyokuwa wiki mbili kabla ya kuugua. Mwalimu alitembea mwenyewe, alivaa mwenyewe, alishikwa mkono kwenye kazi nzito tu: yuko kwenye 4 au 5. Mwenzake wa umri huohuo aliyekuwa akilishwa na kuogeshwa yuko kwenye 7. Kuwapa wote jibu moja kwa sababu wote wana miaka 82 ni uvivu. Na kumlazimisha wa ngazi ya 9 mashine anazozikataa, ili familia ione "tumefanya yote", ni kutomsikiliza kulekule kwa sura nyingine. Agizo la kutofufua moyo ukisimama nalo si agizo la kuacha antibiotiki, kuacha kumgeuza wala kuacha kupima maumivu, ingawa wodini hugeuka hivyo kimyakimya.

Ingieni ndani, muulizeni yeye. Swali liwe rahisi: "Mwalimu, ukipona, ni jambo gani hutaki kulikosa?" Jibu lake linaweza kuwa fupi kama hili: "Kwenda chooni mwenyewe." Hilo ni lengo la matibabu kamili. Linaamua mpira wa mkojo utoke leo, mtaalamu wa mazoezi aje leo, na dawa ya usingizi isiandikwe.

Siku ya kuruhusiwa, kosa letu ni haraka. Karatasi ya dawa iandikwe kwa herufi kubwa, yenye safu tatu: za kuendelea, zilizobadilishwa, zilizosimamishwa. Safu ya tatu ndiyo tunayoisahau, na dawa zilizosimamishwa zinamsubiri kabatini nyumbani. Usiulize "umeelewa?" kwani atasema ndiyo kwa adabu. Mwambie: "Nionyeshe kesho asubuhi utakunywa zipi." Akishika kidonge kisicho chake, umepata nafasi ya kurekebisha kabla hakijamezwa. Mpime uzito wa kuondoka. Mtazame akisimama kutoka kwenye kiti, akitembea mita 3, akigeuka, akarudi na kukaa. Ikizidi sekunde 12, yuko hatarini kuanguka na anahitaji mazoezi, si kuambiwa akae tu. Mwanawe mweleze kwamba deliriamu inaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha, asije akadhani mama ameharibika akili moja kwa moja.

Simu ipigwe siku ya tatu. Usiulize "Mama anaendeleaje?", jibu lake ni "anaendelea vizuri" hata akiwa hajainuka tangu afike. Omba kuzungumza na Mwalimu mwenyewe, kisha umuulize leo ametoka kitandani saa ngapi, na nani alimshika mkono.